Mdudu Akaushaye Saiprasi: Jinsi ya Kumtambua na Kumzuia

Katika nchi ya juu ya Kenya, tangu Limuru hadi Kericho, na kutoka Nyeri hadi Molo, ni miti michache ya kigeni iliyopokewa na wenyeji kwa mikono miwili kama saiprasi. Huo ndio ua wa boma. Ndio mbao za paa, za mlango na za madawati ya shule. Ndio kinga ya upepo kando ya shamba. Tena ndio akiba ya mzee aliyepanda miche mia moja ili siku moja imlipie mwanawe karo. Asili yake ni milima ya Mexico na Amerika ya Kati, nao uliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Hupenda baridi na mvua ya kutosha, hukua upesi na kunyoka, na baada ya miaka 25 hadi 30 hufaa kupasuliwa mbao. Kwa ajili ya sifa hizo, karibu nusu ya misitu ya Serikali iliyopandwa kwa mikono ya watu ilikuwa ya mti huu mmoja.

Mwaka 1990 wenye miti hiyo waliona jambo ambalo hawakupata kuliona. Nyua zilizokuwa za kijani kibichi kwa miaka mingi zilianza kugeuka rangi ya kutu. Ilikuwa rahisi kudhani ya kwamba ni jua kali, kwa kuwa hapakuwa na jani lililotafunwa wala tundu katika shina. Lakini waliotazama kwa makini ndani ya matawi walimkuta mwenye hatia: mdudu mdogo sana, rangi yake kama ya gome lenyewe, amejipanga na wenzake kwa mamia kama punje za mtama katika suke.

Mdudu huyo ni kidukari wa saiprasi. Mpaka leo yumo nchini, wala hatazamiwi kuondoka. Kwa hiyo yampasa kila mwenye saiprasi amjue kwa sura na kwa desturi zake, maana miti mingi hupotea kwa mambo mawili: kuchelewa kumwona, na kufanya haraka ya kutumia shoka au sumu mahali pasipostahili.

ALIKOTOKA

Kidukari huyu si mwenyeji wa Afrika ya kusini mwa Sahara. Wataalamu husema asili yake ni nchi zilizo upande wa mashariki wa Bahari ya Mediterania, ambako hukaa juu ya saiprasi za kwao wala hasababishi msiba mkubwa, kwa sababu wako wadudu wengine wanaomla. Katika bara hili alionekana kwanza Malawi mwaka 1986. Kutoka huko alisafiri upesi kuelekea kaskazini, na ilipofika mwaka 1990 alikuwa amekwisha kuvuka mpaka na kuingia Kenya.

Alivyovuka milima na maziwa si ajabu. Baadhi ya vidukari huota mabawa, na upepo huwachukua mbali. Pia husafiri kwa msaada wa wanadamu wasiojua walichobeba, wakiwa wamejificha katika miche iliyotoka kitaluni, katika matawi mabichi, na katika vilele vya saiprasi vinavyouzwa kando ya barabara kila Desemba kuwa miti ya Krismasi.

Akiisha kufika, haimchukui muda mrefu kujaza nchi. Katika Afrika Mashariki majike huzaa pasipo dume, tena hawatagi mayai bali huzaa watoto walio hai, na baada ya wiki chache watoto hao nao huzaa. Mmoja tu akiangukia tawi zuri aweza kuwa mama wa ukoo mzima.

Jambo lililozidisha msiba ni kwamba mbele yake palikuwa na mti ule ule kilima baada ya kilima, wala hapakuwa na adui wa kumzuia. Hata mtarakwa, ambao ni mti wa asili wa Kenya na ni ndugu wa saiprasi, haukuachwa.

JINSI YA KUMTAMBUA

Urefu wa kidukari huyu ni kama milimita mbili hadi nne. Rangi yake ni kahawia inayoelekea manjano, tena amepakwa unga wa kijivu kama nta, na juu ya mgongo wake iko mistari miwili myeusi inayoachana kuelekea nyuma. Hakai katika ncha za majani zinazopigwa na jua, bali hupenda vijiti vilivyo ndani penye kivuli. Kwa hiyo anayepita njiani hawezi kumwona. Yampasa mwenye ua afungue matawi kwa mikono miwili na kutazama vijiti vyenye unene wa penseli na vyembamba kuliko hivyo.

Mdudu huyu hatafuni. Anao mdomo kama sindano, ambao huuchoma ndani ya gome na kufyonza maji matamu ya mti. Wakati huo huo hutia mate yake, na mate hayo ni sumu kwa saiprasi. Ndiyo sababu vidukari wachache waweza kukausha tawi kubwa kuliko mtu angalivyodhania.

Dalili zake huja kwa utaratibu. Kwanza majani na vijiti huwa na umajimaji unaonata, nao ni utamu wa mti unaopita katika tumbo la mdudu na kudondoka. Pili, siafu wa miti na sisimizi huanza kupanda na kushuka shinani kwa wingi, maana wamefuata utamu huo. Tatu, juu ya umajimaji huota kuvu nyeusi kama masizi ya chungu. Nne, majani hugeuka manjano, kisha hudhurungi. Mara nyingi kukauka huanza ndani karibu na shina, kisha huja nje na kupanda juu, mpaka mti mzima ukafanana na ulioguswa na moto.

Jambo moja huwadanganya wengi. Tawi likiisha kukauka, vidukari huliacha na kuhamia lililo bichi. Mtu akitazama tawi lililokufa haoni mdudu hata mmoja, naye hukata shauri kwamba si wadudu. Atazame mahali palipo mpaka baina ya majani makavu na mabichi. Hapo ndipo atakapowakuta.

ADUI WENGINE WASICHANGANYWE NAYE

Si kila saiprasi inayokauka ina kidukari, na dawa ya ugonjwa mmoja haiponyi mwingine.

Ukame hukausha kwanza ncha, tena hukausha miti mingi kwa pamoja mahali penye udongo mchache au mwamba. Hapana kunata, hapana masizi, na mvua ikinyesha miti iliyosalia huanza kupata nguvu.

Mchwa hushambulia zaidi miche michanga. Mche hunyauka ghafula, nao ukivutwa hutoka kwa urahisi kwa kuwa mizizi na gome la chini vimekwisha kuliwa.

Ugonjwa wa kuvu uozeshao gome ni jambo jingine kabisa. Gome hupasuka, hudidimia, na utomvu hutiririka na kuganda kama machozi. Ugonjwa huo ndio uliofanya saiprasi ya California, iliyokuwa imepandwa sana nchini zamani, iachwe katikati ya karne ya 20, na mahali pake pakatwaliwa na hii ya Mexico.

Tena yuko mdudu atoboaye mbao, ambaye wataalamu humwita kwa jina la Oemida. Huyu ni mwenyeji wa misitu ya milimani tangu zamani, na desturi yake ni kuzaliana katika miti mikavu na visiki. Jike hutaga mayai penye kidonda au penye kigutu cha tawi lililokufa. Funza huingia moyoni mwa mti na kukaa humo muda mrefu akichimba njia zake, na huku nje mti ungali kijani na mwenye mti hana habari. Siku ya kupasua mbao ndipo hasara hujulikana, kwa maana gogo lililotazamiwa kutoa mbao nzuri hutoa vipande vilivyojaa matundu.

Huyu hazuiwi kwa dawa bali kwa msumeno mkali. Matawi ya chini yakatwe mapema, yangali mabichi na membamba, karibu na shina, ili kidonda kifunike upesi. Anayengoja mpaka matawi yakauke, kisha akayakatakata kwa panga na kuacha vigutu virefu, amemjengea mdudu mlango.

MFANO WA MKARATUSI

Vita hivi na wadudu wageni havikuanza mwaka 1990. Mwaka 1944 alionekana nchini Kenya mdudu wa jamii ya fukusi, mwenye pua ndefu, ambaye asili yake ni Australia. Alikuwa ameufuata mkaratusi, mti wa nchi yake. Mkubwa na mtoto wote hula majani. Mkubwa huacha kingo za jani zimekatika kama meno ya msumeno, na mtoto, mwenye rangi ya manjano na kijani, huparua uso wa jani. Vilele vya miti hubaki vimenyolewa.

Wakati huo nchi ya Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kupata taabu hiyo hiyo tangu mwaka 1916. Mtaalamu mmoja wa huko alitumwa Australia kutafuta sababu ya mdudu huyu kutoleta maangamizi kwao. Alimkuta nyigu mdogo mno, mdogo kuliko kichwa cha pini, ambaye hutaga yai lake ndani ya yai la fukusi. Mtoto wa nyigu hula yai lile kutoka ndani, na fukusi hazaliwi. Nyigu hao waliletwa Afrika Kusini mwaka 1926 wakafanya kazi njema, na mwaka 1945 waliletwa Kenya. Hawakulipwa mshahara wala hawakununuliwa mafuta ya mashine, lakini mikaratusi ilipata nafuu.

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakuwaza habari za wadudu, lakini neno lao lilitimia hapa. Mgeni wa kwanza alileta ugonjwa, na mgeni wa pili, aliyechaguliwa kwa akili, alileta uponyaji.

NYIGU WA KIDUKARI

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyofuatwa juu ya kidukari. Kupiga dawa msitu mzima halikuwa shauri la kufaa: gharama ingalikuwa kubwa mno, mito na nyuki wangalidhurika, na wadudu wanaomla kidukari wangalikufa pamoja naye. Kwa hiyo wataalamu walitafuta adui wake, na Ulaya wakampata nyigu aitwaye Pauesia. Kabla ya kuachiliwa alichunguzwa, ili ijulikane kwamba hatageuka kuwa adui wa viumbe wengine. Aliachiliwa Malawi mwaka 1994, na Kenya pia katika miaka hiyo ya 1990. Katika Kenya uchunguzi wa wadudu wa miti ni kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, yenye makao yake Muguga.

Nyigu huyu hamchomi mtu. Jike lake humchoma kidukari na kutia yai ndani yake. Funza hula nyama ya kidukari mpaka abaki ngozi tupu, iliyovimba na kukauka kama ganda. Kisha nyigu mpya hutoboa tundu la mviringo na kuruka. Mkulima akiona katika vijiti vyake vidukari waliovimba, wasiotembea, wenye tundu mgongoni, ajue kwamba askari wake wako kazini, wala asipige dawa.

Wako na askari wengine wa nchi yenyewe: mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu au wa manjano na madoa meusi, pamoja na watoto wake, nzi wa maua, ambao funza wao hula vidukari, na buibui. Hao wote huuawa na dawa kali, na kidukari, azaaye upesi kuliko wao, hurudi akikuta uwanja mtupu. Hivyo mtu aweza kununua dawa kwa fedha yake mwenyewe na kuongeza wadudu aliotaka kuwapunguza.

YAMPASAYO MKULIMA KUFANYA

Kwanza, akague miti yake mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi, ambapo mti una kiu na madhara huwa makubwa. Katika ua, atazame kila baada ya hatua kumi. Kazi hii haichukui nusu saa kwa mwezi. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na asiyetazama kijiti atang'oa ua mzima.

Pili, akikuta vidukari katika kijiti kimoja au viwili, avikate na kuvichoma moto hapo hapo. Asiviburute shambani, wala asivitupe kwa jirani.

Tatu, ikiwa ni ua au kitalu kidogo, maji ya sabuni yatosha. Kijiko kikubwa kimoja cha sabuni laini ya maji hukorogwa katika lita moja ya maji, kisha hunyunyizwa ndani ya matawi mpaka vijiti vilowe kabisa, asubuhi mapema au jioni. Kwanza yajaribiwe katika tawi moja, na baada ya wiki yarudiwe. Sabuni humwua mdudu aliyelowa tu, kwa hiyo kunyunyiza juu juu ni kazi bure. Dawa kali za dukani zisitumiwe ila kwa shauri la Bwana Shamba au la afisa wa misitu, na kwa kufuata maandishi ya chupa.

Nne, asikate ua kwa kina kirefu. Kijiti kikavu cha saiprasi hakichipui tena, na kijiti cha zamani kilichokatwa mpaka mahali pasipo na majani hubaki hivyo hivyo siku zote. Ua upunguzwe kidogo kidogo, mara nyingi, sehemu ya kijani tu.

Tano, asiangushe mti kwa hofu. Saiprasi iliyopoteza sehemu tu ya majani yake yaweza kuendelea kuishi, hasa ikipata mvua na nafasi. Miti iliyosongamana hupigania maji na kudhoofika; kwa hiyo shamba la mbao lipunguzwe kwa wakati wake, yakitolewa kwanza yale yaliyo manyonge. Lakini mti uliokufa kabisa usiachwe umesimama. Upasuliwe mbao mapema, kabla ya watoboaji kuingia, na thamani yake itaokolewa.

Sita, achunguze miche kabla ya kuinunua. Mche unaonata, wenye masizi au wenye uvimbe usiingizwe shambani. Onyo hili lahusu mkaratusi pia, maana mwaka 2002 alionekana katika sehemu za magharibi ya Kenya nyigu mwingine, adui huyu, asiyezidi milimita moja na nusu, atiaye uvimbe katika vikonyo na mishipa ya majani machanga ya mkaratusi. Miche yenye uvimbe ndiyo gari lake. Tena mtu asilete mbegu, tawi wala mche kutoka ng'ambo bila kibali cha KEPHIS, shirika lenye kazi ya kukagua mimea.

Saba, asipande mti wa aina moja tu. Mwenye saiprasi apande na mgrevilea kando ya mazao. Mahali panapofaa apande muuru, ambao mbao zake nzuri zilipewa na Wazungu jina la mwaloni wa Meru. Kidukari wa saiprasi hana habari na miti hiyo. Msitu au shamba lenye aina nyingi za miti halifi lote kwa mdudu mmoja.

FAIDA YA KUJUA

Hasara ya mwaka 1990 na miaka iliyofuata ilikuwa kubwa kwa sababu mdudu aliwakuta watu hawamjui. Leo anajulikana: sura yake, mahali pake pa kujificha, chakula chake na adui zake. Elimu hiyo haifai kukaa katika vitabu vya Muguga peke yake. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto kijiti chenye vidukari katika ua wa shule; karani aliyejenga mjini aweza kukagua ua wa wazazi wake siku arudipo nyumbani; na mkulima aliyemwona mdudu asiyemfahamu aweza kukata kijiti, kukitia katika chupa iliyofungwa vizuri, na kukipeleka ofisi ya misitu iliyo karibu naye ili kitambuliwe.

Mti wa saiprasi hungoja miaka thelathini upate kumlipa aliyeupanda. Si kazi nzito kwake kuutazama nusu saa kila mwezi.